Fundi Fungua na Tarehe ya Mlangoni

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa karakana ya Kitengo cha Majengo ya Muda atarudisha spana zake stoo, atatia sahihi kwenye daftari, na kuhitimisha miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi katika Idara ya Ujenzi ya jiji letu. Nasema atazirudisha kwa sababu mtunza stoo ni mimi, na hata yeye simsamehei. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake na kunionya nisitie chumvi. Chumvi haihitajiki. Taabu yangu imekuwa kupunguza.

Kwenye faili lake la utumishi kuna jina refu lenye heshima zake zote. Hapa kazini hakuna anayelitumia. Anaitwa Fundi Fungua, na jina hilo limetokana na swali lake. Mpelekee mchoro wa ngazi, wa banda au wa choo, hatakuuliza kitasimama vipi. Atakuuliza, "Na siku ya kuondoka, kinafunguka vipi?" Jibu likiwa nyundo, mchoro unarudi ulikotoka. Neno "kubomoa" karakanani kwake ni tusi. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, anasema hata kitanda chao kimefungwa kwa bolti nane, wamehama nacho nyumba tatu, na yeye akigeuka hugeuka kwa adabu.

Anastaafu akiwa na jambo moja ambalo halijakamilika, na sisi tunaomwona kila siku tunajua linamnyima raha. Jengo letu la karibu na stendi ya mabasi litaondoka Jumamosi ya tarehe 21 mwezi ujao. Familia nane za wakimbizi ziliingia humo mwaka jana, na saba zimeshapata vyumba vya kupanga mtaani. Imebaki moja: muuguzi, mumewe na watoto watatu, wawili wao mapacha wanaoanza kutembea na kushika kila kitu. Muuguzi ameshaanza kazi kwenye zahanati ya jirani na wagonjwa wameshamzoea. Fundi amebisha hodi kwa wenye nyumba thelathini na wanne kuwaombea chumba. Wote walimpa kiti, wakamsikiliza vizuri, wakauliza idadi ya watoto, na ghafla chumba kikawa kimeshapata mtu. Yeye ataondoka ofisini, lakini tarehe haitasogea, kwa sababu ambazo nitazieleza. Kwa hiyo mkimwona siku ya sherehe amekunja uso kidogo wakati wa hotuba, si kwamba hotuba ni ndefu. Huenda ni ndefu pia.

Alianza kazi kama seremala wa majukwaa. Enzi hizo idara ilikuwa na mafundi wa kujenga majukwaa ya mikutano, vibanda vya maonyesho na viti vya watazamaji, vitu vya kusimamishwa Alhamisi na kuondolewa Jumatatu. Alikuwa mwanamke pekee karakanani. Msimamizi wa wakati ule alimpa kazi ya kupaka rangi akidhani anamfanyia hisani. Alipaka rangi wiki mbili. Wiki ya tatu jukwaa moja likaanza kuyumba saa moja kabla ya mkutano, mafundi wakalizunguka wakikuna vichwa, na yeye akaingia chini yake na brashi ikiwa bado mfukoni. Alitoka baada ya dakika kumi, akapanda juu, akarukaruka mara tatu mbele ya wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumpa brashi.

Miaka kumi na minne iliyopita wakimbizi walianza kufika jijini kwa wingi. Walilazwa kwenye ukumbi wa michezo, mkeka kando ya mkeka, mashuka yakiwa ndiyo kuta. Wakubwa walikaa vikao. Msanifu akaleta michoro ya majengo ya matofali ambayo yangekamilika baada ya miaka miwili. Mwingine akapendekeza mahema nje kabisa ya mji, kule ambako hata basi huenda mara moja kwa siku. Fundi alikuwa kikaoni kwa kazi ya kupanga viti. Aliomba ruhusa ya kusema, na kwa kuwa hakuna aliyemjua vizuri, alipewa.

Alisema jiji limejaa viwanja vilivyolala: hiki kinangoja hospitali, kile kinangoja kesi iishe, kingine kinangoja soko ambalo hata ramani yake haijachorwa. Wenye viwanja wangeweza kuviazimisha kwa mwaka mmoja mmoja. Na jiji lina mafundi wanaojenga Alhamisi na kuondoa Jumatatu. "Mkitupa mwaka mzima badala ya siku nne," alisema, "tutashindwaje?" Familia ziwekwe katikati ya mitaa, si pembeni. Zikae humo mwaka, zijue duka lilipo na jirani anaitwaje, zipate kazi, kisha zihamie vyumba vya kawaida mtaa uleule. Jengo lifunguliwe, lipelekwe mtaa mwingine, likapokee wengine. Kitengo chetu kilizaliwa hivyo, kikiwa na watu sita, pikapu moja na karakana iliyoezekwa nusu.

Pikapu hiyo ina hadithi yake, na kila mwajiriwa mpya husimuliwa siku anayopewa buti. Jengo la kwanza lilisimamishwa mbiombio kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa njiani. Pikapu iliingizwa ukumbi wa katikati kushusha bolti, mafundi wakaendelea kufunga paneli za ukuta huku na huku, wakafunga ya mwisho, wakapeana mikono. Ndipo dereva akauliza atokee wapi. Mgeni alikuwa amebakiza dakika kumi. Fundi aliitazama pikapu, akatazama saa, akaagiza vitambaa vya meza. Mgeni rasmi alinywa soda yake juu ya boneti, akasifu idara kwa kutengeneza meza imara. Alipoondoka, mafundi walifungua paneli mbili na pikapu ikatoka kwa dakika kumi na mbili. Fundi huitumia hadithi hii kila kikao cha bajeti. Ingekuwa nyumba ya matofali, husema, dereva angekuwa mpangaji.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo lililotupa utaratibu tunaoufuata mpaka leo. Mtunza stoo aliyenitangulia alitakiwa kuagiza plaiwudi ya milimita tisa. Akaandika kumi na nane. Zilipotengenezwa paneli, kila moja ilikaribia kilo hamsini, na hapakuwa na mwanaume wala mwanamke wa kuibeba peke yake. Mtunza stoo huyo aliomba radhi. Fundi hakuwa anamsikiliza, alikuwa anatazama uwanjani. Asubuhi ile vibarua wa mtaani walikuwa wamesimama upande mmoja, vibarua wakimbizi upande mwingine, kila kundi na kivuli chake. Kufika saa sita walikuwa wameshachanganyika wawili wawili, maana mwenye nguvu hakuweza kufanya lolote bila mtu wa upande wa pili. Hawakuwa na lugha ya kuelewana vizuri, lakini "polepole," "kulia" na "shusha" walikuwa wameshajifunza. Mwaka uliofuata plaiwudi nyembamba ililetwa, na Fundi akaikataa. Akaongeza mashikio mawili kwenye kila paneli, moja kila mwisho, na tangu hapo tunajenga kwa paneli ya watu wawili. Wahandisi watatu wamejaribu kuipunguza uzito. Wote watatu walihamishwa, na yeye bado yupo.

Kuna mambo mengine aliyoyashikilia kwa meno. Kila jengo lazima litazame barabara, na upande wa barabara uwe na kitu ambacho mtaa unakihitaji: kibaraza chenye benchi, bomba la maji, dirisha la fundi viatu. Uzio kila mara uliandikwa kwenye mchoro, na kila mara yeye aliandika kwamba nguzo zimechelewa. Nguzo hizo ndizo mabenchi mnayoyakalia mpaka leo.

Sasa nieleze jinsi nilivyomfahamu, maana hapo mimi si shahidi mwema. Miaka tisa iliyopita Kitengo kiliazima kiwanja kilichokuwa kando ya zahanati ya mtaa wetu. Nilikuwa naishi kwa dada yangu mkubwa, mwenyekiti wa wakazi, mwanamke ambaye akikohoa mtaa mzima unanyamaza. Dada hakulitaka jengo. Aliandaa barua ya kulipinga, ikatiwa sahihi na nyumba arobaini na tatu. Barua hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwa sababu Dada aliniamuru na kwa sababu nina mwandiko mzuri. Sikufikiri zaidi ya hapo, na leo naona haya kusema hivyo.

Fundi alikuja sebuleni kwetu na barua mkononi. Dada hakuzunguka. "Nyinyi watu wa jiji mkisema muda, mnamaanisha milele," alimwambia. Akamtajia daraja la muda la njia panda, lenye miaka kumi na tisa. Akamtajia madarasa ya muda aliyosomea yeye, na watoto wake wakasomea humohumo. Hakuwa na ugomvi na wageni, alisema, ana ugomvi na uongo. Nilitegemea Fundi abishe. Badala yake alisema daraja lile alilijenga yeye, kwa miezi sita, na kila akipita juu yake hutazama pembeni. Kisha akamwambia jengo litaondoka Jumamosi ya tarehe 14, baada ya miezi kumi na miwili, kabla ya saa kumi jioni. Dada akasema sawa, atakuja na saa.

Kabla ya kuaga, Fundi aliuliza nani kaandika barua. Nilidhani nakamatwa. Akasema mtu aliyeweza kuyapanga malalamiko namna ile ataweza kupanga nati na bolti, na kwamba idara ina nafasi ya mtunza stoo. Mwezi uliofuata niliajiriwa. Dada hakusema nami siku nne.

Jengo liliposimama, kabla familia hata moja haijaingia, Fundi alichukua brashi, ile aliyokuwa haipendi, akaandika mlangoni kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: JENGO HILI LITAONDOKA JUMAMOSI TAREHE 14. Kila familia iliyoingia aliionyesha maandishi hayo. Aliwaambia tarehe haikuwekwa kuwafukuza. Imewekwa ili mtaa uwaamini, na ili yeye mwenyewe asipate usingizi mpaka wapate vyumba.

Zilikuwa familia saba. Katika chumba cha kwanza upande wa barabara alikaa mshonaji, mama yake mzee, wadogo zake wawili wa kike na vyerehani vitatu. Wagonjwa wa zahanati waliokuwa wakingoja zamu juani walihamia kwenye kibaraza, na mtu anayengoja hukumbuka zipu iliyokatika. Miezi miwili haikupita mshonaji akawa na wateja mtaa mzima. Dada naye alikuwa mteja, ila kwa siri. Alinituma mimi na nguo zake zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, na nikamtumikia hivyo miezi tisa. Mshonaji alijua vipimo vya Dada kuliko daktari wake, na hawakuwahi kusalimiana.

Mwaka ulikwenda mbio. Fundi alizunguka mtaa nyumba kwa nyumba kila jioni baada ya kazi, na familia sita zikapata vyumba. Ya mshonaji ikakosa. Wenye nyumba waliogopa kelele za vyerehani vitatu na wateja wa kuingia na kutoka. Ilipobaki wiki moja, mkurugenzi alileta fomu ya kuongeza miezi mitatu. Ilikosa sahihi ya Fundi tu. Fundi akakataa kuitia.

Ofisi iligawanyika, na wengi tulikuwa dhidi yake. Mimi nilimwambia usoni kwamba ana moyo wa chuma. Alinijibu bila hasira. Mitaa mitatu ilikuwa imeahidi viwanja, alisema, na wazee wake wote walikuwa wanasubiri kuona kama jengo letu litaondoka siku iliyoandikwa. Likichelewa hata siku moja, milango mitatu inafungwa, na familia arobaini na moja zitabaki kwenye ukumbi wa michezo na mashuka yao. Nilimuuliza, na mshonaji je? Akasema mshonaji hatalala nje. Alikuwa ameshamwambia mumewe asogeze makochi.

Lakini nyumba ya Fundi iko upande wa pili wa mji, mabasi mawili kutoka mtaani kwetu, na mshonaji alilijua hilo. Alimshukuru, kisha akamwambia ukweli wake. Wateja wa kwanza aliwaacha kwao alipokimbia. Wengine aliwapata mpakani, nao akawaacha. Hawa ni wa tatu. "Nikianza tena upya, Mama," alisema, "mikono itagoma." Fundi alitoka pale akaenda kukaa kwenye pikapu peke yake muda mrefu. Nilimwona anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia grisi. Sisemi hivi kumdhalilisha. Nasema ili ijulikane kwamba aliyekataa kutia sahihi ndiye aliyeumia kuliko sisi tuliokuwa tunamlaumu.

Ijumaa jioni aliniletea karatasi ya mahitaji ya kesho yake. Vibarua kumi na tisa, glavu jozi ishirini. Nilimkumbusha kwamba tunabeba wawili wawili, hivyo watu kumi na tisa ni pungufu. Nikamkumbusha pia kwamba glavu zimezidi. Akaniambia niandike kama ilivyo.

Jumamosi ile ilikuwa na jua la kukausha mate. Saa moja asubuhi spana zikaanza kulia. Dada alifika saa mbili, amebeba kiti mkono huu na saa ya ukutani mkono ule, ameitoa msumarini sebuleni. Akaketi ng'ambo ya barabara, saa mapajani, mkao wa mkaguzi. Vibarua walijipanga wawili wawili, watu wa mtaani na watu wa jengo, jozi tisa. Mshonaji akabaki peke yake mbele ya paneli ya chumba chake mwenyewe.

Fundi alivuka barabara. Nilikuwa kwenye lori na daftari langu, nikasikia yote. "Dada, paneli ni tisini na sita na nimepungukiwa mtu mmoja," alimwambia. "Ukitaka ziondoke kabla ya saa kumi, njoo ushike huku." Dada alisimama ili amjibu jibu la kumtosha. Lakini mshonaji alikuwa ameshainua upande wake, na mtu aliyeinua upande mmoja wa paneli ile hawezi kusubiri hotuba. Dada aliweka saa juu ya kiti, akapokea glavu, akashika.

Safari ya kwanza waligombana. Dada alikataa kurudi kinyumenyume, mshonaji alisema mimi natembea haraka kwa sababu wewe unavuta, Dada akasema mimi sivuti, nimezaliwa hivi. Safari ya tatu walikuwa wanapeana zamu ya kurudi kinyumenyume. Ya tano Dada alisimama kupumua, akamtazama mshonaji kuanzia kichwani hadi miguuni, akamuuliza, "Kumbe ni wewe uliyenipunguzia ile nguo ya bluu bila kuambiwa?" Mshonaji akasema ilikuwa inakuzeesha. Nilifunga macho nikingoja radi. Dada alicheka mpaka paneli ikatikisika.

Safari ya saba akauliza vyerehani vinapiga kelele kiasi gani. Ya tisa akauliza mama anaumwa nini miguuni. Walibeba paneli kumi na moja. Ya mwisho ilipopakiwa, saa iliyokuwa kwenye kiti ilionyesha saa tisa na dakika kumi, na hakuna aliyekwenda kuitazama. Dada alivua glavu, akanigeukia mimi, mdogo wake wa tumbo moja. "Wewe," aliniambia, "katoe vitu vyako. Chumba chako kina dirisha la barabarani."

Ndivyo nilivyohamia kwenye kochi. Vyerehani vilianza kulia chumbani kwangu Jumatatu asubuhi. Jumanne wazee wa mitaa mitatu walikuja kutazama kiwanja, wakakuta nyasi zilizolala na alama za matofali tuliyoegemezea jengo, basi. Walitia sahihi wiki ileile, na familia arobaini na moja zikatoka kwenye ukumbi wa michezo kabla ya mvua. Nilimuuliza Fundi kuhusu vibarua kumi na tisa. Alisema hesabu zilimpotea. Katika miaka tisa niliyofanya naye kazi sijaona hesabu nyingine iliyompotea.

Mpaka leo Kitengo kimesimamisha majengo ishirini na matatu, na ishirini na mawili yameondoka siku iliyoandikwa mlangoni. Familia mia moja sitini na nne zimepita humo na kuhamia mitaani, na mafundi wanne kati ya kumi na mmoja tulionao leo walikuja kwetu kama wakazi wa vyumba vile. Ukitaka kuona kazi yake itakubidi ubishe hodi kwenye nyumba za watu. Dada yangu sasa ndiye anayefuatana na Fundi kwenye mitaa mipya inayoleta barua za kupinga. Huwaacha waseme, kisha huwaambia barua yao ni fupi, ya kwake ilikuwa na sahihi arobaini na tatu.

Nisimfanye malaika. Fundi hukopa penseli na kuzipachika sikioni na hazirudi. Daftari langu lina ushahidi. Hula karanga za wenzake wakati wa vikao kwa kisingizio kwamba kikao kinamtia njaa. Likizo amechukua mara tano katika miaka thelathini na moja, na mara mbili kati ya hizo tulimkuta karakanani. Alipokuwa anafundisha alikuwa mkali, na akikusifu alikusifu mara moja tu, kwa sauti ndogo, ukabaki unajiuliza kama umesikia vizuri.

Kamati ilimuuliza anataka zawadi gani. Walimtajia jokofu, seti ya makochi, hata kitanda kisicho na bolti. Akasema hataki kitu. Kila mfanyakazi amletee anwani ya chumba kimoja kilicho wazi karibu na stendi, chumba cha watu watano. Anwani zimeletwa nane. Kote alikuwa ameshabisha hodi.

Hapa inanilazimu kumwandikia mwenyewe. Fundi, najua umesoma mpaka hapa ukitafuta mahali nilipokosea. Nimekosea hapa. Ulibisha kwa wenye nyumba thelathini na wanne, na kwangu hukuja, nami naishi hatua mia mbili kutoka stendi, na vyumba vya mbele vya nyumba yangu havina mtu. Najua sababu, maana uliwahi kuisema: mtu aliye chini yako hawezi kukukatalia, kwa hiyo si haki kumwomba. Uliniheshimu, nami nikajificha nyuma ya heshima hiyo. Ulipokuja ofisini jioni baada ya jioni na kusema wamekataa tena, niliwahesabu watoto wale kichwani, nikafikiria utulivu wa nyumba yangu, nikanyamaza. Wa thelathini na tano nilikuwa mimi.

Wiki iliyopita nilimsomea mke wangu rasimu ya wasifu huu. Wengi mnamfahamu, ni mdogo wake mshonaji, yule aliyekuwa akitia vifungo katika chumba kilichokuwa changu, na jinsi mtu wa kwenye kochi alivyomwoa si habari ya leo. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka alipotakiwa kucheka. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Na vyumba vya mbele?"

Asubuhi yake nilimfuata muuguzi zahanatini. Jumanne muuguzi alikuja kuvikagua, mumewe akapima mahali pa kitanda, na mapacha wakavunja kikombe. Mkataba umesimamiwa na Dada, ambaye ameupitia mstari kwa mstari kuhakikisha sijaingiza neno "muda". Wanahamia Jumapili hii. Mara ya kwanza chumba changu kilitolewa nikiwa nimesimama na daftari. Safari hii nimetoa mwenyewe, na nimechelewa, na ninakuomba radhi.

Asante kwa miaka thelathini na moja, Fundi. Asante kwa niaba ya karakana, kwa niaba ya ofisi, na kwa niaba ya nyumba yangu, ambayo bila wewe isingekuwa na watu iliyo nao. Upate afya, upate usingizi, na siku zako zijazo ziwe nyingi na ziwe zako. Jengo la stendi litaondoka tarehe 21 kama ulivyoandika. Litakuwa tupu.